Kabla Fundi Hajapiga Window

Tangu Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, barua nyingi zinazofika kwenye safu hii zinauliza jambo moja kwa njia mbalimbali: nikipiga window mpya, yaani nikisakinisha Windows upya, vitu vyangu vitabaki? Safari hii nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu ndani yake wengi watajikuta.

SWALI: Dada Fundi, habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Njombe. Laptopu yangu ni Dell ya mtumba, Core i5 ya kizazi cha sita, ina Windows 10. Imekuwa nzito, na fundi wa hapa mjini ameniambia niipeleke Jumamosi aipige window upya. Ndani kuna mitihani niliyotunga miaka yote, maazimio ya kazi, alama za wanafunzi, na picha na video za harusi yangu. Nina flashi ya GB 32. Fundi amesema nisihangaike, atahamishia kila kitu D, kisha atafomati C peke yake. Inatosha? — *Mwalimu, Njombe*

JIBU: Haitoshi, Mwalimu, na nakuomba usiipeleke Jumamosi hii kama bado hujafanya haya ninayokueleza.

C na D ni vyumba viwili vya nyumba moja. Diski ni ile ile, imegawanywa tu. Ikifa, vyote viwili vinaondoka. Na hata ikiwa nzima, kuna ukurasa mmoja wa usakinishaji ambao ningependa uuone kwa macho yako. Ukiwasha laptopu kwa flashi ya window na kuchagua kusakinisha upya, inakuja orodha: Drive 0 Partition 1, Drive 0 Partition 2, Drive 0 Partition 3, na mbele ya kila mstari ukubwa wake kwa GB. Herufi C na D ulizozizoea hazipo pale. Fundi anatambua kwa ukubwa tu. Sasa chukua diski ya GB 240 iliyogawanywa katikati: mstari mmoja unasoma GB 111, mwingine GB 110, na fundi ana wateja watatu mbele yake huku simu ameibana kwa bega. Kidirisha cha kuuliza kama ana uhakika kitatokea, lakini mtu anayekibonyeza kila siku hakisomi tena.

Muulize pia anakupigia window ipi. Windows 11 rasmi inataka Intel ya kizazi cha nane kwenda juu pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0, kwa hiyo Dell yako haimo kwenye orodha. Mafundi wanaiingiza kwa kuruka ule ukaguzi, na inafanya kazi, ila Microsoft haikuahidi kuipatia masasisho mashine iliyoingizwa hivyo. Akikushauri Linux, mfumo mwingine wa bure unaokaa mahali pa Windows, nami ningekushauri hivyo kwa laptopu ya umri huo, jua kwamba mojawapo ya machaguo anayoletewa fundi ni kufuta diski nzima. Nzima maana yake ni pamoja na D yenye harusi yako.

Basi tuanze. Fungua C, kisha folda iitwayo Users, bonyeza kulia kwenye folda yenye jina lako, chagua Properties, usubiri ihesabu. Namba itakayotoka ndiyo ukubwa wa mzigo wako, na mtu mwenye video za harusi ni nadra kutoshea kwenye GB 32. Kopa au nunua hadidiski ya nje ya GB 500 au TB 1. Ukinunua, jihadhari na flashi ya TB 1 inayouzwa kwa bei ya chakula cha mchana. Ndani yake kuna chipu ndogo, pengine ya GB 8 au 16, iliyochezewa ili iidanganye kompyuta kuhusu ukubwa wake. Inapokea mafaili yako yote bila kulalamika, majina yanaonekana, hata ukubwa wa kila faili unaonekana, lakini ukilifungua halina kitu. Kuna programu ndogo ya bure iitwayo H2testw ambayo hujaza flashi yote na kuisoma tena. Ifanye kazi hiyo kabla ya kuiamini flashi na kitu chochote. Inachukua muda mrefu, lakini iache tu iendelee wakati unasahihisha madaftari.

Jambo lingine la diski: kama imefomatiwa kwa mfumo wa FAT32, haitapokea faili moja lenye zaidi ya GB 4, na video ya harusi mara nyingi inavuka hapo. Utaambiwa faili ni kubwa mno ingawa nafasi unaiona ipo. Ifomati diski hiyo kwa exFAT ikiwa bado tupu, siyo baada ya kuweka vitu.

Sasa vitu vyenyewe viko wapi? Hapa ndipo watu wanapopoteza, kwa sababu fundi hukopi Desktop, Documents na Pictures akaona amemaliza. Yeye hajui kazi yako, wewe ndiye unayeijua. Ukipokea mtihani wa majaribio wa mkoa kwa WhatsApp ya kwenye kompyuta na kuuhifadhi, umeangukia Downloads. Walimu wengi hutengeneza folda moja kwa moja kwenye C, wakaiita MITIHANI au FORM FOUR, na folda hiyo haimo ndani ya jina lako kule Users. Kama mwenzako nyumbani naye ana akaunti yake kwenye laptopu hiyo, ana folda yake pale pale Users, na fundi hatamuuliza. Alama ulizoziwekea nywila kwenye Excel, andika nywila zake kwenye karatasi leo.

Njia ninayoipenda kuliko kukumbuka ni kutafuta. Fungua This PC, na kwenye kisanduku cha kutafutia andika *.xlsx. Itakuletea kila jedwali la Excel lenye mwisho huo lililomo kwenye mashine pamoja na mahali lilipo. Rudia kwa *.docx, *.pdf, *.jpg na *.mp4. Walimu niliowakalisha mbele ya orodha hiyo hapa kibandani kwangu Morogoro karibu wote walikuta folda waliyoisahau, na mara nyingi ilikuwa na kitu wasichoweza kukitengeneza tena.

Vipo vilivyojificha. Anwani za tovuti ulizoziwekea alama na nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari zimo ndani ya AppData, folda isiyoonekana. Ukiwa umeingia kwenye Chrome kwa akaunti yako ya Google na usawazishaji umewashwa, hizo zitarudi zenyewe. Hakikisha tu unaikumbuka nywila ya Google na simu inayopokea namba za kuthibitisha unayo mkononi. Barua pepe za Outlook ya kwenye kompyuta huweza kuwa kwenye faili lenye mwisho wa .pst. Zile karatasi za njano za kubandika kwenye skrini nazo zimo kwenye faili lililofichwa. Kama umeandikia mambo ya maana, yakopi uyabandike kwenye Word. Na ukiona alama ya wingu pembeni ya faili, faili hilo halimo kwenye diski yako hata kidogo, liko OneDrive. Bonyeza kulia, chagua Always keep on this device, lishuke kwanza.

Unapohamisha, tumia Copy, kamwe usitumie Cut. Umeme ukikatika au waya ukilegea katikati ya Cut, utakuwa na vitu nusu huku na nusu kule. Na kama kukopi kwa kawaida kunakwama kwenye faili moja na kusimamisha yote, Windows ina amri yake nzuri sana. Fungua Command Prompt uandike hivi, ukibadilisha jina la folda yako na herufi ya diski ya nje:

robocopy C:\Users\Mwalimu E:\Akiba /E /XJ /R:1 /W:1 /LOG:E:\akiba.txt

/E inachukua folda zote za ndani. /XJ inairuka ile milango ya ndani ya AppData inayoizungusha kompyuta bila mwisho. /R:1 inaiambia ijaribu tena mara moja tu faili likikataa, /W:1 isubiri sekunde moja. Usipoiandikia hayo, robocopy hurudia mara 1,000,000 na kusubiri sekunde 30 kila mara, utadhani imeganda. Mwishoni faili la akiba.txt lina orodha ya yaliyokopiwa na yaliyoshindikana. Safu ya FAILED ikiwa na namba, soma ni yapi. Kumbuka amri hii inachukua folda yako ya Users tu. Ile MITIHANI ya kwenye C ifanyie amri yake peke yake.

Bado hujamaliza, Mwalimu. Chukua diski hiyo uende kwenye kompyuta nyingine, ya mwalimu mwenzako ikiwezekana. Ya steshenari uiepuke, maana kule virusi vya kugeuza folda kuwa shortcut havikosekani. Fungua mtihani wa zamani kuliko yote, fungua jedwali la juzi, itembeze video ya harusi uipeleke mpaka dakika za mwisho. Nasisitiza kufungua. Kuona jina la faili hakuthibitishi chochote, na kwa ile flashi ya uongo niliyokueleza, jina ndilo kitu pekee kilichobaki.

Ukisharidhika, chomoa diski na uiache nyumbani. Usiende nayo kwa fundi, kwa sababu ikiwa imechomekwa wakati wa usakinishaji, nayo itatokea kwenye ile orodha ya Drive. Laptopu pekee ndiyo iende. Mwombe fundi apakue kabla draiva (programu inayokiendesha kifaa) ya waya wa mtandao na ya Wi-Fi ya Dell yako aiweke kwenye flashi, maana mashine isiyo na Wi-Fi haiwezi kujitafutia draiva ya Wi-Fi. Na alama za wanafunzi zikiwemo humo, si mali yako peke yako: Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, hivyo diski hiyo haipaswi kuzagaa kwenye ofisi ya walimu. Ifunge kabatini.

SWALI: Dada, nina duka la vipuri vya magari Mombasa. Mwanangu anataka kuweka Windows 11 kwenye kompyuta ya dukani. Ameshakopi Desktop na Documents akapandisha Google Drive, anasema iko sawa. Hesabu zangu zote ziko kwenye QuickBooks. Nikimuuliza hesabu ziko wapi, anajibu "zimo tu humo." Mtu wa kodi wa KRA akija nitamwonesha nini? — *Mama wa vipuri, Mombasa*

JIBU: Shikamoo Mama. Mwambie mwanao asubiri kidogo, na wala usimgombeze, kwa sababu alikotazama ndiko kila mtu angetazama.

QuickBooks ya kwenye kompyuta kwa kawaida haiweki hesabu kwenye Documents zako. Inaziweka kwenye C:\Users\Public\Documents, ndani ya folda ya Intuit, kwa sababu imekusudiwa watumiaji wote wa mashine. Kwa hiyo yawezekana kabisa kwamba alichopandisha mwanao ni barua na picha, na hesabu za miaka zimebaki pale pale panapokwenda kufutwa. Halafu faili la hesabu lisikopiwe wakati programu iko wazi. Tumia njia yake yenyewe: ingia File, kisha Back Up Company, kisha Create Local Backup. Itatengeneza faili lenye mwisho wa .qbb, liweke kwenye diski ya nje.

Kabla ya kufunga programu, bonyeza F2. Kitatokea kidirisha chenye namba ya leseni na namba ya bidhaa. Kipige picha kwa simu na uziandike pia kwenye daftari la dukani. Faili la .qbb bila QuickBooks ya toleo hilo au jipya zaidi halifunguki, na QuickBooks bila namba hizo haisakinishiki. Ikiwa mhasibu wako ana QuickBooks, mpelekee faili hilo alirudishe kwenye mashine yake, mkae pamoja muangalie salio la mwezi uliopita kama linalingana na risiti zako. Sheria ya Kenya ya taratibu za kodi inakutaka utunze kumbukumbu kwa miaka 5, kwa hiyo huo usumbufu wa asubuhi moja una sababu.

Google Drive si mbaya, lakini ielewe. Ile GB 15 ya bure inagawanywa kati ya Drive, barua pepe na picha za simu. Na folda ikisawazishwa, ukifuta kwenye kompyuta inafutika na juu pia. Inakaa kwenye pipa la taka siku 30 kisha inapotea. Mpiga picha Mmarekani, Peter Krogh, aliieneza kanuni ambayo sisi mafundi tunaifuata mpaka leo: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja ikae mahali pengine. Kwako Mama ni hivi: iliyo kwenye kompyuta ya duka, iliyo kwenye diski ya nje, na iliyo Google Drive. Ile diski ilale nyumbani, isilale dukani. Moto au mwizi akiingia usiku, hatachagua.

SWALI: Fundi ameshafomati. Nilimwambia kuna picha za marehemu baba yangu, akasema hakusikia. Ameshaniwekea window na Office, laptopu ninaitumia tangu juzi. Zinaweza kurudi? — *Msomaji, Unguja*

JIBU: Pole sana, ndugu yangu. Izime sasa hivi, kabla ya kumaliza kusoma. Kila unapoiwasha, Windows inaandika mafaili yake mapya, na inaweza kuyaandika juu ya mahali pale pale zilipokuwa picha.

Kisha tujue diski ni ya aina gani. Kama ni ile ya kizamani inayozunguka, ufomati wa haraka unafuta orodha tu, picha zenyewe zinabaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake, na matumaini yapo. Kama ni SSD, ile ya kisasa isiyozunguka, nitakuambia ukweli: Windows huiamuru SSD isafishe nafasi zilizoachwa, na mara nyingi hakuna kinachobaki cha kuokoa. Jaribu hata hivyo, lakini usilipe pesa nyingi kwa mtu anayekuahidi.

Mtafute fundi atoe diski aichomeke kwenye kompyuta nyingine kwa waya wa USB, asiiwashe kutokea kwenye laptopu yako. PhotoRec ni programu ya bure, inasoma diski kipande kwa kipande ikitafuta alama za mwanzo za picha. Majina na tarehe za mafaili zitapotea, utapewa maelfu ya picha zenye namba tu, pamoja na vipicha vidogo vya tovuti. Zihifadhiwe kwenye diski tofauti, kamwe si kwenye ile ile inayookolewa. Kuzichambua ni kazi ya ukoo mzima.

Na huku hilo likiendelea, andika kwenye kundi la WhatsApp la familia. Picha za baba wengine wanazo: binamu aliyehudhuria hitima, shangazi aliyeko Muscat, jirani aliyepiga picha siku ya Idi. Zilizotumwa kwa WhatsApp zimepunguzwa ubora, lakini mwenye ya asili kwenye simu yake mwombe aitume kama hati, siyo kama picha, ifike jinsi ilivyo. Kama kulikuwa na studio iliyopiga picha za harusi yoyote aliyohudhuria baba, ulizia pale kabla hawajafuta za zamani.

SWALI: Shikamoo dada. Niko chuo Dodoma, mwaka wa tatu. Laptopu yangu ni HP, inaishia kwenye nembo inazunguka tu, haiingii ndani. Fundi anasema dawa ni kufomati. Ripoti yangu ya utafiti imo humo na nakala nyingine sina. — *Mwanachuo, Dodoma*

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Window kufa si diski kufa. Usikubali afomati.

Tafuta flashi ya GB 8 isiyo na kitu cha maana, itafutwa yote. Kwenye kompyuta ya rafiki, pakua Linux Mint, ni takriban GB 3 za bando, kwa hiyo pakulia kwenye Wi-Fi ya chuo. Iweke kwenye flashi kwa programu ya Rufus. Chomeka kwenye HP yako, iwashe huku ukibonyeza F9, uchague flashi. Baada ya muda utaona skrini nzima ya Linux inayofanya kazi kutoka kwenye flashi, bila kugusa diski yako. Kwenye skrini kutakuwa na alama moja imeandikwa Install Linux Mint. Hiyo iache kabisa.

Fungua kitazama mafaili, pembeni utaiona diski yako. Linux ikikuambia imeifungua kwa kusoma tu kwa sababu Windows haikuzimwa vizuri, sawa, kusoma ndiko unakotaka. Ikikuomba ufunguo wa BitLocker, kufuli ya Windows inayoifunga diski, ni namba zenye tarakimu 48. Ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft kwa simu, utafute kwenye orodha ya vifaa vyako. Ukishaingia, nenda Users, jina lako, tafuta ripoti, ikopi kwenye flashi ya pili, na papo hapo jitumie kwa barua pepe.

Diski ikianza kugonga tik-tik au kukopi kukipungua mpaka karibu kusimama, achana na muziki na filamu. Chukua ripoti na data za madodoso, kisha uizime.